EDSGER DIJKSTRA: MTU ALIYEIOGOPA KENGELE YA KOMPYUTA

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya washairi na wapigania uhuru. Leo naomba ruhusa yenu na ya walimu wetu niwaletee mtu wa kompyuta, Mholanzi, marehemu Edsger Wybe Dijkstra. Jina hilo la mwisho hutamkwa Daikstra, kwa hivyo msijiumize ndimi bure.

Alizaliwa tarehe 11 Mei 1930 katika mji wa Rotterdam. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia na mama yake alikuwa mwanahisabati. Siku tatu tu baada ya kutimiza miaka kumi, ndege za Wajerumani ziliupiga mji wao mabomu na katikati ya mji pakateketea. Vita vikaisha, na mnamo mwaka wa 1948 kijana akajiunga na Chuo Kikuu cha Leiden kusomea fizikia. Mwaka wa 1951 alikwenda Cambridge, Uingereza, kwa mafunzo ya wiki tatu ya kuandika programu. Aliporudi akapewa kazi katika Kituo cha Hisabati mjini Amsterdam, na mwezi Machi 1952 akaianza. Anahesabiwa kuwa ndiye mtu wa kwanza Uholanzi kuajiriwa kwa kazi hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa haina hata jina la heshima. Miaka mitatu baadaye Dijkstra alimwendea mkubwa wake, Adriaan van Wijngaarden, akiwa na wasiwasi. Aliona fizikia ina vitabu na wataalamu, lakini programu zina nini? Mkubwa alikubali kwamba bado hazikuwa na elimu ya kujivunia, ila akamwuliza kama si yeye ambaye angeweza kuianzisha. Dijkstra akatoka humo ameamua. Mwaka wa 1957 alipokwenda kufunga ndoa na Bi. Maria Debets, maafisa wa mji walikataa kumwandika kuwa mwandishi wa programu, ati hakuna kazi kama hiyo duniani! Ikabidi aandikwe mwanafizikia. Wengi wanamkumbuka kwa ile njia yake ya kutafuta barabara fupi kati ya miji, aliyoibuni mwaka wa 1956 akiwa ameketi na mchumba wake kwenye mkahawa, kwa dakika ishirini, bila kalamu wala karatasi. Lakini mimi sikukusudia kusimulia hiyo. Nataka kusimulia hofu yake.

Wakati huo wahandisi wawili wa kituo, Loopstra na Scholten, walikuwa wanabuni kompyuta mpya iliyoitwa X1. Kompyuta za kwanza zilikuwa na kasoro moja ya kuchekesha. Zikitaka kuandika herufi kwenye taipureta, zilisimama kungoja mpaka herufi igongwe. Mashine ya bei ghali hivyo, inakaa tu kama abiria wa Likoni anayengoja feri! Loopstra na Scholten wakapendekeza dawa. Kompyuta iendelee na hesabu zake, na taipureta ikimaliza ibishe hodi. Hodi hiyo ndiyo wataalamu huiita intarapti, yaani kukatizwa. Kompyuta huacha inachofanya, humhudumia aliyebisha, kisha hurudi kazini.

Ukisikia hivyo utasema ni jambo rahisi. Chukua mfano wa bao, maana hapa Msambweni nani asiyelijua? Mzee amechota kete, anazisambaza shimo baada ya shimo, na mkononi zimebaki tatu. Ghafla anaitwa, kuna mgeni mlangoni. Basi ainuke aende. Atakaporudi ni lazima ajue kete ngapi zilikuwa mkononi, alifikia shimo gani, na alikuwa anaelekea upande gani. Akisahau hata moja mchezo umeharibika, na ubaya zaidi ni kwamba hakuna atakayejua hapo hapo. Bao litaendelea vizuri tu, kisha mbele huko atafungwa mtu asiyestahili kufungwa.

Kwenye kompyuta, mkono wa mzee ni rejista. Programu ya kupokea hodi huandikwa amri kwa amri, kwa lugha iliyo karibu kabisa na mashine. Kwanza inaweka akiba kila kilichomo rejistani pamoja na mahali hesabu ilipokatiziwa. Halafu inamhudumia mgeni, na mwisho inarudisha kila kete mahali pake. Lakini je, mgeni wa pili akibisha wakati mzee bado anahesabu kete zilizo mkononi? Ndiyo maana kuna kitu kama komeo. Mlango unafungwa kwa muda mfupi hodi zisipite, kisha unafunguliwa. Ukichelewa kuufungua, mgeni amekata tamaa na ameondoka. Ukiufungua mapema mno, kete zinachanganyika.

Dijkstra alipolisikia pendekezo hilo aliingiwa na hofu kubwa. Sababu yake inafaa tuielewe. Kabla ya hapo, programu ukiipa hesabu ile ile mara mia, itapita njia ile ile mara mia. Ikikosea leo, kesho itakosea pale pale, nawe utalikamata kosa. Lakini hodi huja wakati wowote, baina ya amri yoyote na nyingine, na hakuna siku mbili zinazofanana. Kosa linaweza kutokea mara moja, likapotea, lisirudi ukilitafuta. Utafanya majaribio elfu moja na yote yatafaulu, kumbe lile la elfu moja na moja ndilo lenye balaa. Sisi tuliozoea kujaribu jaribu mpaka jibu litoke tungefanyaje hapo?

Wenzake walimbembeleza kwa kumsifu mpaka akakubali kulichunguza pendekezo lao. Alianza na swali moja tu. Je, inawezekana kuthibitisha kwamba baada ya kila hodi, wakati wowote ule, hesabu iliyokatizwa itaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea? Kumbe akathibitisha kinyume chake! Kwa mpango ule haikuwezekana. Hali ambayo ingeleta kosa ilikuwa nadra sana, pengine majaribio yasingeigundua kamwe, lakini ilikuwepo. Ikabidi wahandisi waubadilishe mpango wao. Ndipo alipoandika programu ya kupokea hodi za X1, na kazi hiyo ikawa ndiyo tasnifu yake ya udaktari mwaka wa 1959. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anakuta kasoro za aina hiyo katika mashine mpya zilizokwisha kutiwa sokoni.

Mwaka wa 1962 alihamia Eindhoven kuwa profesa wa hisabati katika chuo cha ufundi. Hapo, yeye na kikundi kidogo cha wenzake walitengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta kubwa iitwayo X8, uweze kuchukua kazi za watu wengi kwa pamoja. Waliuita THE, herufi za kwanza za jina la chuo chao kwa Kiholanzi. Mfumo huo ulijengwa kwa tabaka, na tabaka la chini kabisa lilishughulikia hodi ya saa.

Saa hiyo tuifananishe na kengele ya shule. Mwalimu wa hesabu akikolewa na utamu wa somo lake (tunamwomba radhi), hawezi kukumbuka kwamba wa Kiswahili anangoja nje. Kiranja wa kengele hamwulizi amemaliza au hajamaliza. Anagonga, na mwalimu anaacha alama kwenye kitabu mpaka kipindi kijacho. Katika THE saa iligonga vivyo hivyo, prosesa ikanyang'anywa kazi moja na kupewa nyingine, ili mmoja asiikalie mashine peke yake. Kitu kile kile kilichokuwa kimemtisha sasa kilikuwa mtumishi wake.

Kwa kazi zinazogombea kifaa kimoja alibuni semafo, jina lililotokana na ishara za reli. Ni kama nafasi za magari kwenye feri. Anayeingia hupunguza moja, nafasi zikiisha unangoja langoni, na anayetoka humfungulia mwingine.

Kila tabaka lilipimwa kikamilifu kabla ya kujenga lililo juu yake. Makosa yaliyojitokeza yalikuwa madogo madogo ya uandishi, kama moja kwa kila amri 500, na kila moja lilipatikana kwa dakika kumi hivi. Makala yake kuhusu mfumo huo yalitoka mwaka wa 1968. Wanaojua taabu ya kazi hii watakwambia huo si mchezo.

Cha kusikitisha ni kwamba idara yake ya hisabati haikuithamini kazi hiyo. Kikundi kilivunjwa, naye akashikwa na ugonjwa wa huzuni, akaugua hasa. Alijitibu kwa kuandika maelezo marefu juu ya namna ya kujenga programu kwa mpangilio, na maandishi hayo yakasomwa ulimwengu mzima. Mwaka wa 1972 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo kubwa kabisa katika fani ya kompyuta.

Mwaka wa 1984 alikwenda Marekani kufundisha Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, hadi alipostaafu mwaka wa 1999. Ajabu ni kwamba bingwa huyu wa kompyuta aliandika kwa kalamu ya wino. Maandishi yake aliyatia nambari, akatoa nakala na kuwapelekea rafiki zake, nao wakatoa nakala nyingine kwa rafiki zao. La mwisho, nambari 1318, ni la Aprili 2002. Tarehe 6 Agosti mwaka huo saratani ilimchukua, nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 72. Aliacha mjane na watoto watatu.