Mhabeshi Aliyeikatalia FIFA

AFCON ikianza, hosteli yetu inageuka kibandaumiza. Watu wanabishana hadi saa nane usiku, wanajua mshahara wa kila winga anayecheza Uingereza, ila ukiuliza mashindano yenyewe yalianzishwa na nani, kimya. Hata mimi mwaka wa kwanza sikumjua Ydnekatchew Tessema.

Alizaliwa Jimma, Ethiopia, mwaka 1921. Aliichezea Saint George ya Addis Ababa zaidi ya miaka 20, kisha akahamia kwenye ukocha na uongozi. Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa CAF kule Khartoum. Nchi zilikuwa nne tu: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Sasa Afrika Kusini wakaja na masharti yao, kwamba wataleta timu ya wazungu watupu au ya weusi watupu, si mchanganyiko. Wakaondolewa. Hebu fikiria, una timu nne, unafukuza moja! Ethiopia, iliyokuwa icheze nao nusu fainali, ikaingia fainali bila jasho na kupigwa 4-0 na Misri, mabao yote ya Ad-Diba. Mimi naona kipigo kile kilikuwa cha heshima.

Kisasi kilikuja 1962, Addis Ababa, yeye akiwa kocha. Ethiopia iliichapa Misri 4-2 kwenye muda wa nyongeza, na Mfalme Haile Selassie akamkabidhi kombe nahodha Luciano Vassallo.

Lakini mechi yake kubwa haikuwa na mpira. FIFA iliamua kwamba katika Kombe la Dunia la 1966, Afrika, Asia na Oceania zigawane nafasi moja. Moja! Yeye na Ohene Djan wa Ghana wakapinga, na Afrika ikasusia. Wengi waliona ni kujikomoa wenyewe, maana nani Ulaya angetukumbuka? Walikumbuka. Mwaka 1970 Morocco walikwenda Mexico kwa nafasi ya Afrika peke yake.

Akawa rais wa CAF kuanzia 1972 mpaka kifo chake. Hapa ndipo ninapovutana naye kidogo. Hakupenda wachezaji wetu wakimbilie Ulaya, na kwa miaka mingi AFCON iliruhusu kila timu wachezaji wawili tu kutoka nje ya nchi yao. Jamani, kijana wa Abidjan anayelisha ukoo mzima angekula uzalendo? Ila nikitazama viwanja vyetu vitupu Jumamosi, huku sisi tumejazana kuangalia ligi za watu, namwelewa alichokiogopa.

Alifariki Agosti 1987, Afrika Kusini ikiwa bado nje. Mwaka 1996 wakaiandaa AFCON wenyewe na kuibeba, timu ya weusi na weupe, na aliyeinua kombe mbele ya Mandela alikuwa nahodha mzungu, Neil Tovey.