Manute Bol: Jitu la kikapu lililoikosa siku ya uhuru mjini Juba

Tarehe 9 Julai 2011, bendera ya Sudan Kusini ilipopandishwa mjini Juba, mtu mmoja ambaye angeonekana kutoka kila upande wa umati hakuwapo. Manute Bol, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyeimaliza mali yake kwa ajili ya watu wa kusini, alikuwa amefariki dunia mwaka mmoja kabla.

Kwa mujibu wa hati zake, Bol alizaliwa mwaka 1962 katika jamii ya Wadinka, akakua akichunga ng'ombe. Alipofikia urefu wa sentimita 231, aligeukia kikapu huko Wau na baadaye Khartoum. Siku alipojaribu kwanza kuutumbukiza mpira kwa mkono, meno yake yaligonga chuma cha kikapu yakavunjika. Don Feeley, kocha Mmarekani aliyekuja Sudan kufundisha, alimshawishi kuvuka bahari.

Mwaka 1985 alisajiliwa na Washington Bullets ya ligi ya NBA. Katika msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, rekodi ambayo hakuna mchezaji mgeni katika ligi hiyo aliyeifikia hadi leo. Baadaye alizichezea Golden State Warriors, Philadelphia 76ers na Miami Heat. Hadi anaondoka, alikuwa amezuia mitupo 2,086 na kufunga alama 1,599 tu. Kazi yake uwanjani ilikuwa kulinda.

Nyumbani, vita vilivyozuka mwaka 1983 viliwaua jamaa zake wengi. Bol alizuru kambi za wakimbizi, akatoa mamilioni ya dola kwa misaada na kwa harakati za ukombozi. Nchini Misri aliwafundisha kikapu Luol Deng na ndugu zake, watoto wa familia iliyokimbia vita.

Baada ya kustaafu alirejea Khartoum. Serikali ilimwahidi cheo serikalini, kwa sharti kwamba abadili dini. Alikataa, na kwa miaka kadhaa akazuiwa kuondoka nchini, huku fedha zikimwishia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alifika tena Marekani, safari hii akiwa mkimbizi.

Mwaka 2002 alipanda ulingoni kupigana ngumi na William Perry, nyota wa zamani wa soka ya Kimarekani. Wako waliomcheka, lakini malipo yake aliyaelekeza kwa watoto wa Sudan. Mwaka 2004, ajali ya teksi ilimvunja shingo.

Hata hivyo hakutulia. Alishughulikia ujenzi wa shule kijijini Turalei, akitaka iwapokee watoto wa kila kabila na dini. Alikuwa kusini wakati wa uchaguzi wa Aprili 2010, akaugua, na tarehe 19 Juni akafariki katika hospitali ya Virginia, Marekani, kwa maradhi ya figo na ugonjwa mkali wa ngozi. Alikuwa na umri wa miaka 47. Alizikwa Turalei.

Luol Deng, yule mtoto wa Misri, alikuja kung'ara katika NBA, kisha akawa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Katika Olimpiki ya Paris 2024, timu ya taifa hilo changa iliilaza Puerto Rico 90 kwa 79. Bol hakuiona bendera ikipanda Juba wala ushindi huo, lakini katika yote mawili jasho lake limo.