Funzo la Matsumoto kwa Walimu wa Lugha

Nilipokuwa mwalimu chipukizi, nilimkemea mwanafunzi mbele ya wenzake kwa kuchanganya 'r' na 'l'. Hakunena tena darasani muhula mzima. Kosa hilo hunirudia kila nikumbukapo maisha ya Seicho Matsumoto, mwandishi wa Kijapani wa riwaya za kihistoria na za upelelezi.

Matsumoto alizaliwa mwaka 1909 katika familia fukara. Masomo yake yalikoma baada ya shule ya msingi. Alikuwa tarishi ofisini, kisha akajifunza uchapaji. Mwaka 1929 polisi walimtia korokoroni wakimshuku kwa kusoma majarida ya mrengo wa kushoto, na babake akavichoma vitabu vyake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mshahara wake wa gazetini haukutosha kulisha jamaa yake, akawa anachuuza mifagio.

Alianza kuandika akiwa na umri wa takriban miaka 40. Hadithi yake ya kwanza ilihusu noti zilizotolewa na waasi wa Satsuma mwaka 1877. Mwaka 1953 alitunukiwa Tuzo ya Akutagawa, na tangu hapo kalamu yake haikupumzika.

Kwangu mimi mwanaisimu, kazi yake iliyo bora ni Suna no Utsuwa, iliyochapishwa gazetini kati ya 1960 na 1961. Mzee mmoja anauawa mjini Tokyo. Waliomsikia akizungumza usiku ule wanasema lafudhi yake ni ya kaskazini-mashariki. Polisi wanaelekea huko na kurudi mikono mitupu. Hatimaye mpelelezi Imanishi anawaendea wataalamu wa lugha, na kung'amua kwamba matamshi yanayofanana na hayo yapo pia Izumo, upande wa magharibi, mbali kabisa na kule walikotafuta. Hapo ndipo fundo linapoanza kufunguka.

Polisi walisikia lafudhi wakadhani wamekwisha kumjua mtu. Nami nilisikia lafudhi nikadhani nimekwisha kumpima mwanafunzi. Matsumoto, ambaye hakukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi, alielewa jambo ambalo mimi nililielewa nikiwa nimechelewa: matamshi ya mtu yamebeba safari ya watu wake, na hayana budi kuchunguzwa kabla ya kuhukumiwa.

Alifariki mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 82. Walimu wenzangu, lugha sanifu na tuifundishe kwa bidii. Lakini kabla ya kumsahihisha mtoto, tumuulize kwanza kwao husemwaje, kisha tusikilize.