Apolo Kivebulaya: Aliyerudi kwa Chifu Aliyempiga



Majuma haya, tukiwa kwenye chai baada ya ibada, wengi mmenijia na mzigo mmoja. Huyu ana msimamizi anayemfokea mbele ya wateja. Yule anamtumikia mama mwenye nyumba asiyeridhika na chochote. Wengine wanasingiziwa na wenzao wa zamu. Swali lenu ni lile lile: Mkristo afanye nini na mtu mgumu ambaye lazima akutane naye kesho asubuhi?

Badala ya kuwapa mawaidha yangu, leo nawaletea maisha ya mzee wetu mmoja wa imani, Kasisi Apolo Kivebulaya. Ndugu zetu wa Uganda na Kongo wanamfahamu tangu shule ya Jumapili, na Kanisa la Anglikana humkumbuka kila tarehe 30 Mei.

Alizaliwa Buganda kwenye mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana akaitwa Waswa. Ujana wake haukuwa wa kuigwa: alikuwa askari katika vita vya Buganda vya wakati ule, na alivuta bangi. Lakini mahubiri ya mmisionari Alexander Mackay yalikuwa yamemgusa, na mbegu ile haikufa. Alibatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo. Lile la Kivebulaya, yaani kilichotoka Ulaya, watu walimpa kwa sababu ya koti jekundu la kizungu alilopenda kulivaa juu ya kanzu yake.

Mwaka ule ule alikwenda Toro kuwa mwalimu wa Injili. Mwaka 1896 akatumwa mbele zaidi, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori na mto Semliki, mahali paitwapo Mboga. Leo ni Ituri, mashariki ya Kongo. Walimu wawili walikuwa wametangulia huko wakashindwa, maana chifu wa pale, Tabaro, aliwakataza watu kuwapa chakula. Njaa ikawarudisha.

Apolo alijua hayo yote, na bado akaenda.

Tabaro hakuwa mtu mwovu tu bila sababu. Alikuwa mkubwa aliyeogopa. Mgeni huyu alifundisha watu kusoma, akawaambia waache ulevi na hirizi, akasema mume awe na mke mmoja. Chifu aliona heshima yake inaondoka kidogo kidogo. Wapendwa, wakubwa wengi wanaotufokea kazini ni watu wenye hofu: hofu ya kupoteza nafasi, hofu ya mkubwa wao wa juu.

Apolo naye alinyimwa chakula. Ajabu, mahali paitwapo Mboga akakosa hata mboga! Hakugombana. Alishika jembe akalima shamba lake, akala jasho lake, akaendelea kufundisha. Polepole watu wakaanza kumjia.

Kisha likaja jaribu kubwa. Walipokuwa wakikusanya majani ya kujengea kanisa, dada yake chifu alikwenda kusaidia. Katika majani palikuwa na mkuki uliosahaulika. Mama yule akaanguka juu yake akafa. Ilikuwa ajali, lakini Tabaro alimshtaki Apolo kwamba ameua. Alifungwa kamba, akapigwa, akapelekwa kwa Waingereza huko Toro na kutiwa gerezani.

Fikirini hali yake. Ameacha kwao, hajala vizuri kwa muda mrefu, na sasa anaitwa muuaji katika kazi ya Bwana. Alikata tamaa kama ambavyo yeyote kati yetu angekata. Katika siku hizo za giza, kama alivyoshuhudia mwenyewe maisha yake yote, alimwona Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Tangu hapo, kila alipoulizwa nguvu zake zinatoka wapi, alirudia ushuhuda huo.

Baadaye akaachiwa huru. Na hapa ndipo maisha yake yanaponigusa zaidi: angeweza kwenda nyumbani kwao Buganda, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akarudi Mboga, kwa chifu yule yule. Tabaro alishangaa kumwona mtu aliyemtendea vile akirudi bila kisasi. Mwishowe chifu mwenyewe akaomba kufundishwa, akabatizwa.

Apolo alifanywa kasisi mwaka 1903, akatumika miaka mingi Toro, kisha akarudi tena Mboga, wakati huo ikiwa chini ya Wabelgiji. Katika uzee wake aliingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao, akakaa nao na kuwafundisha. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu na kazi iliyobaki, wala si mashariki kwao alikozaliwa. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kwake.

Nawaza nini nikiwa muuguzi hapa Dubai? Miaka kadhaa iliyopita niliandikiwa onyo kwa kosa la dawa lililotokea kabla sijaingia zamu. Nililia chooni. Halafu nilinawa uso, nikaomba faili la mgonjwa, tukasoma saa na sahihi moja moja. Onyo likafutwa. Kazi ngumu ilikuwa kesho yake: kumsalimia aliyenisingizia, na kumsaidia kumgeuza mgonjwa mzito kitandani. Nguvu za kufanya hivyo sikuwa nazo. Niliziomba kwenye basi nikienda kazini.

Lakini tusielewane vibaya. Apolo hakurudi kwa sababu kipigo ni kitu chema, wala hakukiri kosa ambalo hakulitenda ili amfurahishe mkubwa. Alirudi akiwa huru, kwa wito wake. Dada yangu unayepigwa, ndugu yangu usiyelipwa mshahara, uvumilivu wa Kikristo haukudai unyamaze. Hapa mwajiri haruhusiwi kukunyang'anya pasi yako, na malalamiko ya kazi hupokelewa na wizara inayoshughulikia masuala ya kazi. Njoo kwa wazee wa kanisa, tutakusindikiza. Kusamehe ni kuachilia kisasi. Haki ina mlango wake.

Kwa sisi wengine, ambao shida yetu ni maneno makali na nyuso zilizokunjwa, Apolo anatuachia kazi ya juma hili. Lima shamba lako: fanya kazi yako vizuri hata usiposifiwa. Kisha mwombee mtu huyo mmoja kwa jina lake, kila asubuhi kabla ya zamu. Huenda asibadilike upesi. Tabaro hakubadilika upesi. Lakini wewe hutakwenda kazini peke yako.

Tukutane Jumapili ijayo, na tuleteane shuhuda. Mungu awabariki.