Louis Pasteur na Mtihani wa Mwaka 1885

Hebu fikiria. Wewe si daktari. Mbele yako yuko mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na dawa uliyo nayo haijathibitishwa kwa binadamu. Ukimwacha, huenda akafa. Ukimdunga, pengine utamuua wewe mwenyewe. Je, ungefanyaje? Huo ndio mtihani uliomfika Louis Pasteur mjini Paris, Ufaransa, tarehe 6 Julai 1885.

Pasteur alizaliwa mwaka wa 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Babake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Louis alipokuwa na miaka 8 hivi, mbwa mwitu mwenye kichaa aliwashambulia watu wa kwao Arbois. Tiba ya siku hizo ilikuwa kupelekwa kwa mhunzi, majeraha yakachomwa kwa chuma chekundu. Lo! Mtoto akiona mambo kama hayo hayasahau.

Alisomea kemia, wala si udaktari. Alipata sifa kwa kueleza jinsi viini vinavyochachisha divai na jinsi ya kuviua kwa joto. Lakini nyumbani kwake msiba haukukoma. Mabinti watatu walimfia, mmoja wao Jeanne, aliyekufa mwaka wa 1859 akiwa na miaka 9. Mwaka wa 1868 yeye mwenyewe alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza.

Basi turudi kwa yule mtoto. Jina lake Joseph Meister, na alitoka Alsace, jimbo ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Wajerumani. Mamake alimleta akiwa na majeraha 14. Dawa yenyewe ilitokana na uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa. Uti huo ulitundikwa ndani ya chupa yenye hewa kavu, na kadiri ulivyozidi kukauka ndivyo ukali wake ulivyopungua. Sindano ya kwanza ilikuwa ya uti uliokauka majuma mawili hivi, kisha kila siku ukaletwa ulio mkali zaidi. Pasteur hakuwa na ruhusa ya kutibu watu, kwa hiyo aliyeshika sindano ni Daktari Grancher. Sindano 13 kwa muda wa siku 10! Ile ya mwisho ilikuwa na ukali wa kumuua mtu asiyekingwa. Mtoto alilala usingizi wake. Mzee ndiye aliyekesha.

Joseph akapona. Mwezi wa Oktoba akaletwa Jean-Baptiste Jupille, mchungaji wa miaka 15 aliyepambana na mbwa mwenye kichaa ili kuwaokoa wenzake wadogo waliokuwa wakichunga pamoja. Naye akapona, sifa zikavuma hadi ng'ambo.

Hapa ndipo wengi humalizia hadithi, lakini mwaka ulikuwa haujaisha. Mnamo Novemba aliletwa Louise Pelletier, msichana wa miaka 10, zaidi ya mwezi mzima baada ya kuumwa. Kichaa husafiri polepole kwenye neva kuelekea ubongoni, na chanjo hufaulu ikikitangulia tu. Pasteur alijua kuwa amechelewa na kwamba kifo kingempa jina baya. Wazazi walimsihi, akakubali. Louise alifariki mapema mwezi wa Desemba. Mimi namheshimu Pasteur kwa Louise kuliko kwa Joseph.

Hata hivyo hakuwa malaika. Daftari zake zilipochunguzwa miaka mingi baadaye, kumbe njia aliyotumia kwa Joseph alikuwa bado hajaikamilisha kwa mbwa, kinyume na alivyowaeleza watu. Émile Roux, msaidizi wake, ndiyo maana hakutaka kushiriki. Sijui kama mama Meister angeambiwa hayo angerudi na mwanawe nyumbani. Nadhani hangerudi.

Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa mjini Paris mwaka wa 1888. Mwenyewe aliaga dunia tarehe 28 Septemba 1895, na kaburi lake limo ndani ya jengo hilo. Joseph Meister alipokuwa mtu mzima aliajiriwa papo hapo kama bawabu, akawa mlinzi wa mlango wa mzee wake hadi alipofariki mwaka wa 1940.