Roald Dahl: Kijana wa Shell Dar es Salaam, mamba wa bembea na msiba wa Olivia

Mtoto wa Kerenge, kule Korogwe, hana haja ya duka la midoli. Udongo unamtosha kufinyanga ng'ombe, mgunzi wa hindi unageuka mtoto wa kubebwa mgongoni, na waya ukipatikana, basi lori limezaliwa.

Novemba 1962, katika kijiji cha Great Missenden, Uingereza, baba mmoja alikaa kitandani kwa binti yake akimwonyesha mchezo wa namna hiyohiyo: kukunja vijiwaya laini vya rangi, vile vya kusafishia kiko, mpaka vinakuwa wanyama. Olivia alikuwa na miaka 7. Alikuwa na surua, na ilionekana anapona.

Ilipofika zamu yake kujaribu, vidole vilikataa.

Baba huyo ni Roald Dahl, mwandishi wa watoto ambaye vitabu vyake vimesomwa dunia nzima. Wengi hawajui kwamba ujana wake aliula hapa kwetu.

Alizaliwa Septemba 13, 1916, Llandaff, Cardiff, kwa wazazi kutoka Norway. Alikuwa na miaka 3 tu mwaka 1920 alipofariki dada yake Astri, naye akiwa na miaka 7. Wiki chache baadaye baba yao akafuata. Mama akabaki na familia.

Shule ilipoisha hakutaka chuo. Aliingia kampuni ya mafuta ya Shell mwaka 1934, na mwaka 1938 akatumwa Dar es Salaam, Tanganyika. Jamaa alikuwa mrefu, karibu mita 2, na maisha yake yalikuwa ya Mzungu wa kikoloni: nyumba ya kampuni, mpishi na mtumishi. Kiswahili alijifunza. Wateja wake walikuwa wenye migodi na mashamba makubwa, yakiwemo ya mkonge, zao lililoitawala Tanga kuanzia Korogwe hadi pwani.

Akiwa huku, kwa maelezo yake mwenyewe, alimwona simba akiondoka na mke wa mpishi mdomoni, kisha akamwachia akiwa mzima. Habari hiyo, anasema, ndiyo ya kwanza yake kuchapishwa, katika gazeti la Nairobi. Ukitaka amini, ukitaka acha. Dahl hakuwa mtu wa kuacha ukweli uharibu hadithi nzuri.

Vita vilipoanza 1939 aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Septemba 1940 ndege yake ilianguka jangwani, magharibi mwa Misri, akaumia vibaya kichwani na mgongoni. Alirudi angani, akapigana Ugiriki, halafu maumivu ya kichwa yakamtoa kabisa. Mwaka 1942 alipelekwa Washington, na huko ndiko uandishi ulipoanza kwa kweli.

Alimwoa mwigizaji wa Marekani Patricia Neal mwaka 1953. Wakapata watoto watano, na mikosi ikaanza. Desemba 1960, mtoto wao Theo, wa miezi minne, aligongwa na teksi New York akiwa kwenye kigari chake. Maji yakawa yanajaa kichwani, na mpira wa kuyatoa ukawa unaziba kila mara. Dahl hakukaa akilia. Alimtafuta Stanley Wade, fundi wa mashine ndogondogo, na daktari wa upasuaji Kenneth Till, wakabuni vali bora zaidi. Theo alikuwa ameshapata nafuu kabla haijakamilika, lakini watoto karibu 3,000 waliwekewa.

Kwa Olivia hakukuwa na fundi wa kumtafuta. Surua ilikuwa imeingia kwenye ubongo. Baba yake ameeleza kwamba ndani ya saa moja baada ya kile kisa cha vidole, mtoto alipoteza fahamu. Alifariki Novemba 17, 1962. Chanjo ya surua ilipata kibali Marekani mwaka uliofuata. Mwaka mmoja tu!

Miaka ya 1980, Uingereza ilipokuwa na chanjo lakini wazazi wengine wakipuuza, Dahl aliwaandikia barua ya wazi akiwasimulia vile vijiwaya na vile vidole. Leo Tanzania mtoto anachomwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18, Kerenge kama kwingineko.

Katikati ya majonzi hayo aliendelea kuandika. Mwaka 1978 kilitoka The Enormous Crocodile, kitabu cha picha, cha kwanza kuchorwa na Quentin Blake kwa ajili yake. Mamba wa mto wa Afrika anataka kula watoto, hivyo anajigeuza kitu cha kuchezea: mara mnazi, mara bembea ya ubao, mara mnyama wa mbao kwenye bembea ya kuzunguka. Kila mara mnyama mwingine anamuumbua. Mmoja wa watoto wanaoponea chupuchupu anaitwa Toto. Kiswahili cha Dar hakikumtoka.

Hakuwa malaika. Katika toleo la kwanza la Charlie and the Chocolate Factory, 1964, vibarua wa kiwanda walikuwa mbilikimo weusi waliosafirishwa kutoka Afrika. Walalamikaji walikuwa na haki, na toleo la 1973 likabadilishwa. Aliwahi pia kutoa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, na familia yake iliomba radhi kwa hilo mwaka 2020.

Neal alipigwa na kiharusi mwaka 1965, Dahl akamsimamia kwa ukali mpaka akaweza tena kutembea na kuzungumza. Waliachana 1983. Mwaka mmoja kabla, kilitoka kitabu cha lile jitu jema, The BFG. Alikitoa kwa jina la Olivia, miaka 20 baada ya kumzika.

Dahl alifariki Novemba 23, 1990, akiwa na miaka 74. Amezikwa kwenye kanisa la Great Missenden, na watoto wanaofika pale huacha maua na midoli kaburini.