Maisha ya Hans Peter Luhn

Habari za wafalme na majemadari tumezisoma sana. Leo napenda kuwasimulia habari za fundi mmoja ambaye kazi yake hutumika kila siku hapa Kampala, ingawa jina lake halitajwi sana.

Hans Peter Luhn alizaliwa Barmen, Ujerumani, tarehe 1 Julai, 1896. Baba yake alikuwa mpiga chapa. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumika jeshini, kisha akashika kazi ya viwanda vya nguo, akahamia Marekani. Huko alitengeneza kipimo cha kuhesabia nyuzi za kitambaa. Mwaka 1941 aliingia kampuni ya IBM.

Mwezi wa Januari, 1953, aliwapa wenzake shauri hili: kompyuta isitafute kumbukumbu moja moja tangu mwanzo, bali ifanye hesabu fupi, na jibu liwe namba ya sanduku. Nami nimeijaribu hesabu ya namna hiyo katika daftari langu. Mwanafunzi ana namba 2417. Mbili na nne ni sita. Moja na saba ni nane. Basi karatasi yake imo katika sanduku la 68. Lakini angalieni, namba 4271 nayo huangukia 68! Wasswa na Kato ni mapacha na hulala nyumba moja, lakini ni watu wawili. Kwa hiyo ukifika sandukuni, sharti ulinganishe namba yenyewe.

Siku hizi jibu la hesabu hiyo huitwa hashi. Katika lugha za programu kama Java, iliyotolewa mwaka 1995, mwandishi wa programu huweza kueleza mwenyewe ni lini vitu viwili vihesabiwe kuwa sawa. Akifanya hivyo hufungwa na sheria moja: vitu vilivyo sawa lazima viwe na hashi moja.

Sheria hiyo si mchezo. Tuseme programu ya ada humtambua mwanafunzi kwa namba yake, lakini huchagua sanduku kwa jina. Jumatatu karani anaandika Wasswa John. Ijumaa karani mwingine anatafuta John Wasswa. Mtu ni yule yule, sanduku ni jingine. Kompyuta itajibu kwamba hajalipa, na mtoto aliyelipa atarudishwa nyumbani. Dawa yake ni kuchagua sanduku kwa namba ile ile inayomtambulisha, nayo isibadilike kamwe.

Bwana Luhn alifariki tarehe 19 Agosti, 1964. Kanuni yake nyingine, aliyopewa haki ya uvumbuzi wake mwaka 1960, hufichua makosa katika namba za kadi za benki na za simu. Bonyezeni *#06# katika simu: tarakimu ya 15 hupatikana kwa kanuni hiyo.

Nanyi ndugu mnaosoma kompyuta, kabla ya kuandika programu jiulizeni kwanza: ni kitu gani kinachomfanya mtu huyu awe yeye na si mwingine?